Njia ya Kwenda kwa Uwitonze

Luc Niyibizi aliingia uwanjani kwa Henriette Kahambu, pale Murara, mjini Goma, saa nne asubuhi. Kiti hakukitaka, chai hakuitaka, akaenda moja kwa moja kwenye waya wa kuanikia nguo. Siku hiyo waya haukuwa na nguo hata moja. Ulikuwa umejaa karatasi, kila moja na kibanio chake, kutoka ukuta wa mawe meusi mpaka nguzo ya choo. Majirani walishazoea. Wageni ndio waliosimama njiani wakiulizana kama mama huyu anafua madaftari.

Ndivyo Henriette alivyotunga, na usimcheke. Michezo yake ya redio ilisikilizwa Goma nzima, Rutshuru, hata kule kwenye Ziwa Edward hewa ikiwa nzuri, na yote ilizaliwa juu ya waya ule. Karatasi moja, onyesho moja. Akishazipanga alitembea chini yake akisoma kwa sauti, na kutoka karatasi moja hadi nyingine ilikuwa lazima aweze kusema "ndiyo maana". Katika mchezo wa sasa, shemeji amemnyang'anya Uwitonze shamba, ndiyo maana Uwitonze ameenda kwa chifu. Chifu ametaka mbuzi, ndiyo maana Uwitonze ameuza kitenge chake cha harusi. Akijikuta anasema "halafu" tu, alijua hapo amefanya uvivu. Dawa yake ya mwisho ilikuwa kuondoa karatasi na kusikiliza. Hadithi isipolalamika, basi karatasi ile haikuwa na kazi, inaenda kuwasha jiko la mbabula.

Luc ndiye aliyesimamia michezo pale redioni, na ujanja huo wote alifundishwa na Henriette mwenyewe. Sasa alikuwa amekuja kumchapa mwalimu kwa fimbo yake mwenyewe.

"Mama Olive," alisema, akimwita kwa jina la binti yake kama kila mtu, "tazama hii." Akabandua karatasi. "Na hii. Na hii ingine pale."

Zote tatu zilikuwa onyesho lilelile. Mtu anatafuta nyumba ya Uwitonze, anauliza njia, na mpita njia anamwelekeza: acha lami, fuata ukuta wa mawe ya volkano, pita mashine ya kusaga muhogo, kwenye bomba la maji kata kushoto, utaona nyumba ya mbao yenye mlango wa kijani, usibishe hodi, sukuma tu.

"Hii ni mchezo ao ni ramani ya Murara?" Luc aliuliza. "Vipindi makumi mbili na tatu, na kila kipindi kuko mutu amepotea! Muuza maziwa amepotea. Padiri amepotea. Ata polisi mwenye alikuja kumufunga Uwitonze, naye amepotea, anauliza njia!"

"Watu wanapenda."

"Watu wanaenda kukojoa, mama. Wanajua pale hakuna kitu kitawapita." Akazikunja karatasi zile tatu, kwa heshima lakini akazikunja. "Ni weye ulinifundisha. Ukitoa na hadithi hailie, choma. Vipindi vitatu vimebaki, tufunge vizuri. Njia, basi."

Henriette alikuwa na mdomo, hilo Murara nzima inajua. Lakini angesema nini? Kwamba karatasi zile hazikuwa za Uwitonze?

Zilikuwa za Darius. Darius Muhindo, mume wake, mwana wa Butembo, mtu wa kucheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho, alipanda lori kwenda Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward, kununua samaki wa chumvi na kusema atarudi baada ya siku saba. Siku ya kumi na mbili mlima ulipasuka. Lava ilishuka Buhene, walikoishi, ikaila nyumba yao na kila kitu ndani yake, simu pamoja na namba zote. Henriette alikimbilia Sake akiwa na Olive mgongoni na sufuria moja, na aliporudi hakukuta hata mahali pa kusimama aseme hapa palikuwa mlango wangu. Akapanga nyumba Murara. Akauliza madereva, akauliza paroko, akauliza kila aliyenuka samaki. Halafu vita vikafunga barabara, na mwaka ukazaa mwaka.

Wazia basi. Mtu amekwenda safari, nyuma yake nyumba imegeuka jiwe na mke amehama. Akirudi atafika wapi? Henriette aliliona hilo kama anavyoona tundu katika mchezo: Darius hana njia, ndiyo maana hafiki. Kwa hiyo redio ilipompa kazi, akampa Uwitonze nyumba yake mwenyewe, na katika kila kipindi akatafuta mtu wa kupotea. Mwisho wa kipindi mtangazaji alitaja jina la mtungaji. Ilitosha. Penye nia pana njia, wahenga walisema, na yeye njia alikuwa anaitoa kila Alhamisi, bure, mpaka mpakani na Uganda.

Na alimtaka, jamani, tusizungukezunguke. Miaka minne na zaidi, na bado alimtaka kama bibi arusi. Alitaka kusikia kile kicheko kinachotangulia. Alipokuwa peke yake uwanjani aliusukuma ule mlango wa kijani kutoka nje, aone kama unafunguka vizuri, kwamba mgeni hatahangaika.

Lakini mtungaji ana haya zake. Akatii. Aliandika vipindi viwili bila njia ndani yake, na vilikuwa vizuri, ubaya wake ni huo. Kila onyesho lilisukuma jingine. Watu walimsimamisha sokoni Birere kumpa mkono. Yeye mwenyewe alipovisikiliza kwenye redio jioni, akiwa ameshika kikombe cha chai kilichopoa, alijiona kama mtu aliyefunga nyumba huku mtu wake akiwa nje. Alilia kidogo, akajifuta na kitenge, akamwambia Olive ni moshi.

Siku Henriette na Luc walipokutana katika ofisi ya redio kupanga kipindi cha mwisho, mwanamke mmoja aliingia na beseni kichwani, na samaki wakaingia naye, yaani harufu. Aliitwa Dancille, wa upande wa Rutshuru. Tangu malori yaanze tena kupita alikuwa anapakia samaki Vitshumbi na kuuza Birere.

"Ni nani anaandika ile ya Uwitonze?" aliuliza, akitua beseni.

"Ni huyu," Luc alisema.

"Mama, aksanti kwa kazi. Lakini mbona mumeacha kusema njia?"

Luc akapiga makofi kwa kicheko. "Mungu wangu! Mutu moja tu katika Kivu nzima, na amefika!"

"Si mimi," Dancille alisema. "Mimi pale naangalia sufuria yangu. Ni papa moja kule kwetu Vitshumbi, mutengeneza nyavu. Uwitonze ikianza anaweka redio kwa sikio, hataki umuongeleshe. Wakiisha kuelekeza njia, tak! anazima. Shamba, chifu, hayamuhusu. Tunamucheka: Papa Darius, unazima mbele ya utamu! Sasa hizi juma mbili anasikiliza mupaka mwisho, anangoja njia, haikuye. Juzi akaniambia, ukifika Goma, uliza kama yule mama ni muzima."

Henriette alitafuta kiti kwa mkono, bila kugeuka.

"Darius wa wapi?"

"Wa Butembo. Lakini ni wetu sasa. Iko na bibi pale, na watoto wawili, wa mwisho anatambaa."

"Na ile njia," Henriette alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "anaijua?"

"Eeh! Anaisema pamoja na redio. Neno kwa neno. Ata ile ya kusukuma mulango."

Kumbe! Miisho mingapi Henriette alikuwa ameshaipanga kichwani? Darius amekufa ziwani. Darius amefungwa. Darius amepigwa kichwa, amesahau jina lake. Yote alishaipima, kila mmoja na "ndiyo maana" yake, na hata mmoja haukuwa na mwanaume aliyekaa mwendo wa siku moja, mzima wa afya, anajua kila kona, anazima redio na kuendelea kushona nyavu. Alidhani kilichokosekana ni njia. Mtungaji mzima, waya mzima wa karatasi, akakosea pale pale pa kwanza.

Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Alitaka kulimwaga beseni lile. Alitaka kupanda lori la samaki sasa hivi, afike Vitshumbi, asimame mbele ya mke yule wa pili na watoto wale aseme, mimi ndiye mwenye mlango wa kijani. Na chini ya hasira, aibu gani hii, palikuwa na furaha. Yu hai. Anapumua. Na maneno aliyoyaandika yeye, hapa, kwa kalamu hii ya Bic, yamepita mdomoni mwa Darius kila Alhamisi. Aliifurahia hiyo kama mwenye njaa anavyofurahia harufu ya jikoni kwa jirani.

Dancille hakuwa mjinga. Alimtazama mama yule, akatazama mikono yake, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Mama, unamujua?"

"Namujua."

"Yesu." Dancille akainama karibu naye, na sasa alisema kwa sauti ndogo. "Nirudi nimwambie nini?"

Luc alikuwa ameacha kucheka zamani. Kila neno Henriette alilolijaribu kichwani lilikuwa kubwa mno au dogo mno.

"Mwambie yule mama ni muzima."

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu."

Alirudi nyumbani kwa miguu, akakataa pikipiki tatu. Siku mbili hakugusa waya. Ya tatu akafanya kazi kama kichaa: Uwitonze akashinda kesi, shemeji akaomba msamaha huku anasaga meno, sherehe ikapangwa, kila karatasi ikaisukuma nyingine kama ilivyo sheria. Kisha akaandika moja zaidi, akaibana katikati. Wageni wa sherehe wamefika mjini, hawajui nyumba, wanauliza njia.

Luc aliikuta studioni asubuhi ya kurekodi. Ilikuwa na kurasa nne kwenye kibanio kimoja. Haikuanzia kwenye lami kama zamani, ilianzia Birere, ikapita kwa wauza vitenge mmoja mmoja, ikasimama kwa fundi viatu, ikaelezea mtaro, ikaelezea maua yaliyojiotea ukutani, ikahesabu nguzo za umeme.

"Mama Olive," alisema taratibu. "Hii inazaa nini?"

"Haizai kitu."

"Hadithi itasimama, mama. Dakika sita mutu anatembea tu."

"Najua. Ni mimi nilikufundisha." Akamtazama usoni. "Kata ingine yenye unataka. Kata ata sherehe. Hii, hapana."

Luc aliisoma karatasi ile tena. Halafu akaiweka mahali pake, akaenda kukaa kwenye mashine zake.

Nishimwe, msichana aliyeigiza Uwitonze na wengine wote waliokosa mwigizaji, alivaa vidude vya masikioni akaanza kusoma. Alikuwa na sauti nzuri na haraka ya ujana, na kwa pumzi mbili tu alishawapita wauza vitenge. Henriette alisimama, akafungua mlango wa studio wakati taa nyekundu inawaka, jambo ambalo hata waziri haruhusiwi.

"Acha kidogo, mutoto wangu," alisema. "Kuko mutu moja, njia ikiisha anazima redio. Soma polepole."