Walinga wa Mutuli

Waringa alilitamka jina lake mbele ya kamati ya basari kama mtu aliyebeba yai ulimini. Ile 'r' aliigonga safi kabisa, jinsi alivyonolewa na wenzake katika chuo cha ualimu kule Mkoa wa Kati.

Huko walikuwa wamemcheka mwaka mzima. Mkikuyu gani huyu asiyejua 'r'? Lakini Waringa alizaliwa Kibwezi, akacheza na kugombana kwa Kikamba, na Kikamba hakina haja na 'r'. Huweka 'l' mahali pake, na maisha huendelea. Basi alikuwa akijifungia bafuni kuufunza ulimi wake adabu, hadi wakamwacha.

Mzee Nzuki, mwanakamati mwenye koti lisilovuliwa hata jua likiwaka, aliwageukia wenzake.

"Mmesikia? Sauti hiyo imeshuka mlimani kwa Wakikuyu moja kwa moja. Basali hii ni ya watoto wa hapa."

"Nimezaliwa hapa, mzee."

"Na mbuzi wa mgeni akizalia kwangu, mwana awe wangu?"

Wawili wakacheka. Waringa hakucheka. Bila basari hakuna mwaka wa pili. Kitanda chake chuoni kingepewa mwingine. Alikuwa ameandaa hotuba ya Kiswahili sanifu, yenye shukrani mwanzo na mwisho. Ikamtoroka yote. Ikabaki hasira, na hasira yake haikuwahi kusoma chuo. Ilitoka kwa Kikamba.

Alimuuliza Nzuki ni nani waliochimba matuta ya shamba lake alipolazwa hospitalini, kama si akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, mama yake Waringa akiwa mbele na jembe. Akamuuliza ni nani waliomfundisha yeye Waringa matusi ya Kikamba, kama si binti zake Nzuki mwenyewe.

"Na kama hunijui," akamalizia, "mimi ni Walinga wa Mutuli!"

Waringa akazisikia 'l' zake mwenyewe, akafumba macho. Kazi ya mwaka mzima bafuni ilikuwa imekwenda na maji.

Aliyeanza kutikisika kwa kicheko ni mwenyekiti, Mama Kaluki. Kwanza mabega, kisha mwili mzima.

"Nzuki," alisema akipangusa machozi, "mtoto amelivunja jina lake na la baba yake kwa pumzi moja. Wakikuyu gani watampokea tena? Huyu ni mzigo wetu."

Wakamtaka arudie jina liandikwe. Waringa akafumbua macho. Angeweza kulisahihisha.

"Walinga," alisema, safari hii kwa kupenda.

Mikono ikainuka. Wa mwisho, ukijikokota kama lori linalopanda vilima vya Kikima, ulikuwa wa Nzuki.

Mzee alimfuata Waringa hadi mlangoni.

"Binti, ukimaliza chuo, ludi ufundishe hapa."

"Nitarudi, mzee."

Nzuki akakohoa, akashusha sauti. "Nina mjukuu. Lichadi. Shuleni wanamcheka kila akitaja jina lake. Ile sauti yako ya kwanza... utamfundisha?"

"Nitamfundisha zote mbili. Achague mwenyewe."

Kisha akatoka juani, akiwa bado na hasira kidogo, na njaa nyingi.