Zamu ya Maji ya Eliwaza

Madereva wa siku hizi wakikwama hukanyaga mafuta tu. Tairi linachimba, gari linakaa kitako, kisha wanalilaumu gari. Tumainieli, hata alipokuwa mzee wa mvi, akisikia injini ikilia topeni alikuwa akisonya. Na haki ya kusonya alikuwa nayo, maana kosa hilo alilifanya yeye mwenyewe, mwaka wa hamsini na nne, Mwingereza angali anatawala, katika njia ya kuteremka kutoka Chome.

Siku hizo alikuwa kijana wa kaptura ya kaki iliyonyooshwa ikanyooka. Alikuwa katika miezi mitatu ya majaribio katika ofisi moja ya serikali pale Same, na hiyo ilikuwa siku ya mwisho. Amri ilikuwa moja: saa nane mchana Landrova iwe stesheni kumpokea bwana mkubwa akishuka kwenye treni. Akiwahi, ni dereva. Akichelewa, anarudi gereji kupiga grisi magari ya wenzake. Na jinsi alivyoupenda usukani ule! Hata usingizini alikuwa akiuzungusha.

Alikuwa amepeleka miche ya kahawa Chome, anarudi gari tupu, anapiga mluzi. Chini kidogo ya ndiva, lile bwawa ambalo wanakijiji huliacha lijae usiku ili walifungulie mashamba asubuhi, mfereji ulikata njia. Maji yalikuwa bado hayajafunguliwa, palikuwa na tope tu. Basi kijana akajiona bingwa. Hakushuka kupima kwa fimbo, wala hakusukuma kile kifundo cha njano cha kuyaamsha magurudumu ya mbele. Akaingia kwa mbwembwe. Magurudumu yakabomoa ukingo wa mfereji, na gari likazama mpaka kwenye ekseli.

Mzee Simeoni, msimamizi wa ndiva, alikuwa ameshashika kizibo. Alisema maji yakija sasa, gari litazama mpaka milangoni. Lakini kuyazuia hakukuwa juu yake. Zamu ilikuwa ya Eliwaza, mjane mwenye shamba la mahindi kule chini. Zamu hurudi baada ya siku tisa, na isiyoanza kabla ya saa sita imekwenda zake, haidaiwi. Mvua zilikuwa zimekataa mwaka ule. Mahindi ya Eliwaza yalikuwa yanatoa mbelewele huku majani yamejikunja kwa kiu, na siku tisa nyingine yasingezimaliza. Majirani waliokusanyika pale wakamtazama yeye, maana alikuwa amekuja na jembe lake kuyapokea maji.

"Yashikilie, Simeoni," akasema. "Tusimwache mtoto wa watu akaharibikiwa."

Kisha akashika jembe, akaingia topeni mwenyewe kuchimba chini ya ekseli. Tumainieli aliona aibu, masikio yakamwaka moto. Jeki ilikuwa ikididimia, wakaitandikia ubao. Wakainua gurudumu moja moja, majirani wakijaza mawe na matawi chini yake. Akapunguza upepo kwenye matairi, akasukuma kifundo, akatia gia ndogo, akaachia klachi taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Gari likatetemeka, likapanda, likatoka. Majirani wakapiga vigelegele, wakaenda zao mashambani.

Alipomaliza kujaza upepo kwa pampu ya mkono, ilikuwa imepita saa nne. Akiondoka hapo hapo, anawahi. Simeoni akafungua ndiva, maji yakaja mbio. Yalipofika kwenye ukingo uliobomoka yakageuka, yakashika barabara, hata tone halikwenda kwa Eliwaza. Simeoni akayafunga tena. Eliwaza akamhimiza kijana aende zake, eti ukingo ataushughulikia yeye. Ataushughulikiaje peke yake, na saa sita ile inakuja?

Tumainieli akalitazama jua, akaitazama Landrova. Akavua shati. Eliwaza akamuuliza kama hana haraka, akajibu hana. Wakapanga mawe, wakashindilia udongo wa mfinyanzi kwa miguu, na maji yakafunguliwa saa sita ikiwa bado kidogo. Hakuondoka mara moja. Alisimama akiyasikiliza yakiingia kwenye matuta, ardhi ikiyanywa kwa sauti. Uzeeni alikuwa akisema kwamba hajasikia tena kitu kitamu namna ile.

Saa tisa ndipo alipofika stesheni. Treni ilikuwa imekwenda, na bwana mkubwa amekaa juu ya sanduku lake juani. Hakugomba. Alinyoosha mkono tu, na Tumainieli akamkabidhi ufunguo.

Mahindi yalipokuwa tayari kuliwa, Eliwaza aliteremka Same kwa miguu, kapu kichwani, akaingia gereji kumuulizia dereva wake. Mafundi wakacheka, wakamwambia dereva huyo hawanaye, wanaye mpiga grisi, yule aliyemchelewesha bwana mkubwa siku aliyotoka Chome. Wakamwonyesha miguu inayochungulia chini ya lori. Tumainieli akatoka, uso mweusi kwa mafuta, akamwamkia shikamoo. Mama akatua kapu.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambia, mama, ungeyakataa maji."

Eliwaza akakaa chini pale pale penye mafuta, machozi yakimtoka. Akafungua kapu, akatoa hindi la kuchemsha ambalo lilikuwa bado ndani ya majani yake, na kwa kuwa mikono ya kijana ilikuwa imejaa grisi, akamlisha.