Mawaridi Mabovu

Mtafiti wa maua alikwenda kumuuguza mama yake, na aliporudi kituo cha utafiti alikuta kitalu chake kitupu kama kiganja.

"Baba Mapacha!" alimwita mtunza bustani. "Mawaridi yangu yako wapi?"

Baba Mapacha alijifuta mikono kwenye suruali. "Dada, mimi bendera tu, nafuata upepo. Mkurugenzi kasema leo kuna mgeni, tung'oe mabovu yote."

Mabovu! Damu ilimpanda mtafiti kichwani. Vipandikizi vile alivipiga mionzi kwa makusudi, si vipendeze bali vibadilike. Vingi hufa, vingine hudumaa na kujikunja majani. Kisha tawi moja katikati ya mabovu hayo hutoa ua ambalo macho hayajapata kuliona. Lake lilikuwa limeshaanza: waridi jekundu lenye kingo za rangi ya maziwa. Na yale mazuri aliyoyakuta yamepangwa getini? Yalinunuliwa dukani!

Alishika njia ya jalalani, Baba Mapacha nyuma yake. Walipekua kwa mikono mitupu, miiba ikiwachana, mpaka mkurugenzi akatokea na mgeni wake.

"Na aina mpya ziko wapi?" mgeni alikuwa akiuliza.

Mkurugenzi alikohoa. "Ziko hatua za mwisho."

"Za mwisho kweli, mzee," mtafiti alisema, akainuka na fungu la matawi yaliyonyauka. "Hizi hapa, jalalani. Wewe ndiye uliyeagiza zing'olewe."

"Mama, tutaongea ofisini."

"Ofisini tumeongea mpaka mate yakanikauka! Uliitikia kwa kichwa, kumbe masikio umeyatia pamba. Watu wakinikebehi kwamba nitarudi nyumbani ninang'aa kwa mionzi, nacheka. Wewe mwenye kituo je, nikuchekee?"

Mgeni alichuchumaa, akaanza kupekua nao. Mkurugenzi alibaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

Tawi lilipatikana. Ua lilikuwa limepondwapondwa, lakini shina bado lilikuwa na macho mabichi ya kuchipua. Mtafiti alilikata vipande, akavifunga kwa kitambaa chenye maji. Kimoja tu ndicho kilichotoa mizizi, na kama kitachanua rangi mbili, hakuna aliyejua.

Baadaye mkurugenzi alimtuma Baba Mapacha kuuliza dada anahitaji nini.

"Kufuli la kitalu," alijibu. "Na ufunguo nikae nao mimi."

Kufuli lilikuja. Salamu za mtafiti kwa mkurugenzi zilichelewa sana kurudi.