Kifuniko cha Mzee Nane

Walimwita Mzee Nane kwa sababu ya vidole. Viwili vya mkono wa kushoto vilichukuliwa na msumeno wa umeme miaka kumi na tisa iliyopita, na maseremala, watu wasio na haya hata penye msiba, wakampa jina kabla bandeji haijatolewa. Yeye hakuwakasirikia. Aliukasirikia msumeno.

Ndipo akaja na kifuniko. Alikitengeneza mwenyewe kwa bati na springi za godoro bovu, miezi minne mizima, akila chakula cha mchana amesimama. Kilifunika meno ya msumeno, na nyuma yake kulikuwa na swichi ndogo: ukiinua kifuniko tu, umeme unakatika na breki inaukamata msumeno papo hapo. Mtu angeweza kutia mkono humo akautoa mzima.

Wiki ya kwanza walimpigia makofi. Ya pili wakaanza kunung'unika. Vumbi likijaa, uinue, msumeno uzime, usafishe, uwashe tena, aa! Ya tatu mmoja akagundua kwamba ile swichi ukiifunga kwa kipande cha waya, kifuniko kinainuka na msumeno unaendelea kukata kama kawaida. Basi. Watu kumi na mmoja, wote wana watoto nyumbani, wote wameshaona mahali palipokuwa na vile vidole viwili, na wote mfukoni wana waya. Binadamu huyo! Mpe kitu cha kumwokoa uone atakavyohangaika kukiharibu.

Mzee Nane alifoka mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi alikata waya, mchana akakuta mwingine.

"Mzee, sisi si kama wewe," walimtania. "Sisi tunaangalia."

Mmoja tu, mbali na hao kumi na mmoja, hakuwahi kufunga. Alikuwa ni Kasuku, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Aliongea kutwa, lakini kifuniko alikiheshimu.

"Mimi kaka nimekiamini," alimwambia Mzee Nane. "Nikiinua tu, naingiza mkono bila hata kutazama. Raha iliyoje!"

Mzee Nane alimpenda kwa hilo kuliko ndugu zake wa tumbo moja.

Sasa sikia kilichotokea, na usinikatize. Siku hiyo wageni walikuwa waje kukitazama kifuniko, watu wa usalama kazini, wenye kofia safi. Mzee Nane alinyoa ndevu, akavaa shati la kutokea. Wageni wakachelewa. Saa ya chakula ikafika, karakana ikawa tupu, akabaki peke yake na vijiti vya kitanda cha mjukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa juzi. Vijiti vyembamba vina vumbi jingi. Akainua kifuniko, msumeno ukazima, akasafisha, akawasha. Mara ya tano akatazama mlangoni. Hakuna mtu. Dakika kumi tu, alijiambia, na mimi ndiye ninayekijua. Akaingiza mkono mfukoni akatoa waya, ule aliomnyang'anya mtu asubuhi, akaifunga swichi.

Kijiti cha mwisho hakijakatwa, Bosi akaita toka mlangoni: "Mzee Nane! Wageni hao!"

Akazima msumeno, akashusha kifuniko, akakimbia huku akijipangusa vumbi mabegani. Waya ukabaki kule nyuma.

Ofisini akapewa kiti na chai. Akaeleza. Jamani, alieleza! Mkuu wa wageni akaandika, akatikisa kichwa, akasema watu wa namna hii wangekuwa kumi tu, dunia ingekuwa mahali pengine. Mzee Nane alikuwa ameinua kikombe, anajibu kwamba si kitu, ndipo wakasikia ukelele.

Watu walikuwa wamerudi kazini. Randa ya umeme ilikuwa inanguruma, hapasikiki kingine chochote. Kasuku aliinua kifuniko kutoa kipande kilichokwama, akaingiza mkono bila kutazama, kama siku zote. Vidole vinne vya mkono wa kulia.

Walipokwisha kumkimbiza hospitali, Bosi akainama akauona waya.

"Hata Kasuku!" akasema.

"Hata Kasuku," wakaitikia wenzake mmoja mmoja, na uliona wazi jinsi walivyopumua. Afadhali yeye.

Bosi akamgeukia Mzee Nane. "Mzee, kuna njia nyingine waya huu ungefika hapa?"

Wageni walikuwa wamesimama nyuma yake na madaftari yao.

"Hapana," akasema. "Nimewaambia siku zote."

Tangu siku hiyo hakuna aliyefunga tena. Bosi aliupigilia ule waya ukutani kwa msumari, kila anayeingia auone. Miezi mitatu hata ukucha haukukatika. Na Mzee Nane akapata pa kujificha: nikisema, alijiambia kila asubuhi, watasema hata mwenyewe anafunga, kesho nyaya zitarudi, na mkono wa mwingine utakwenda. Ni hoja nzuri, hata mimi siwezi kuipangua. Ubaya wake ni mmoja: hoja aliipata siku ya tatu, na uongo aliusema siku ya kwanza.

Stoo kulikuwa na nafasi, kazi ya kugawa misumari na gundi, ambayo mtu wa mkono mmoja angeiweza. Kasuku akaiomba. Akaapa mbele ya wote kwamba hakufunga. Wote wakatazama chini. Bosi akasema angempa aliyeumia kwa bahati mbaya, si aliyejiumiza kisha akakana. Akapewa mwingine.

Hapo Mzee Nane akapiga moyo konde, akaenda kwa Kasuku akiwa amekusudia kusema. Aliyarudia maneno njia nzima. Mke wa Kasuku akamfungulia, akampa kiti pekee chenye mto.

"Karibu, shemeji. Labda wewe atakusikia. Haongei kabisa siku hizi."

Kasuku alikuwa ameketi kitandani, anahangaika na kamba za viatu kwa mkono wa kushoto.

"Ndugu yangu," Mzee Nane akaanza, "nina neno."

"Na mimi ninalo, kaka. Acha nianze, la sivyo litanishinda." Kasuku alikuwa anatazama viatu. "Nimefikiri sana. Watu wote wale hawawezi kukosea. Na mke wangu. Na wewe, ambaye huwezi kunisingizia. Itakuwa nilifunga mimi. Sikumbuki, lakini itakuwa ni mimi." Akainua uso. "Ulitwambia kila siku. Nimekuaibisha mbele ya wageni wako. Nisamehe."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, machozi yakimtoka, ametulia kama mtu ambaye mgonjwa wake amekubali kula. Mzee Nane aliyatafuta maneno aliyoyarudia njiani. Yalikuwepo yote, hakuna hata moja lililopotea.

"Nimekusamehe," akasema.

Kasuku akamshukuru, akamwomba amsaidie viatu. Mzee Nane akapiga magoti, akazifunga zile kamba vizuri, kwa vidole vyake vinane.