Pamba Kuukuu

"Neno moja tu," alisema Shangazi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kwa sababu chumba kizima kilikuwa na kiti kimoja, na juu ya kiti hicho kulikuwa na beseni. "Unaingia, unamsalimia mdogo wangu kwa adabu, unasema 'najuta', unakaa kwenye kigoda chako, unaanza kushona. Hata kupiga chafya ni kazi kubwa kuliko hiyo."

Sindano alikuwa anasugua kola ya shati la mtu. Hakuinua uso.

"Na nikisema nasikitika?"

"Anataka 'najuta'. Usiposema leo, kesho analeta fundi mwingine. Majuto ni mjukuu, mwanangu. Usingoje yaje kazi ikiwa imeshakwenda."

"Mjukuu? Mimi hata mtoto sijazaa, Shangazi."

Shangazi alicheka bila kutaka, kisha akakumbuka kwamba amekuja kugomba, akakaza uso.

Jina la Sindano alilipata karakanani, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Baba yake alipofariki, Baba Mdogo ndiye aliyemchukua, akamlea, akamfundisha kazi ya magodoro kuanzia kuchambua pamba hadi kushona mdomo, ule mshono wa mwisho unaofunga kila kitu ndani. "Nusa kwanza," alikuwa akimwambia kila wanapofungua mfuko mpya. "Mkono hudanganyika. Pua haidanganyiki." Sindano aliipenda kazi hiyo kuliko watu wengine wanavyopenda watu.

Kisha biashara ikawa ngumu. Baba Mdogo akaanza kuokota magodoro yaliyotupwa, kuyatoa matumbo, na kuyaingiza matumbo hayo ndani ya kitambaa kipya chenye maua. Ilikuwa pamba ya kahawia, yenye madoa ya watu wasiojulikana na harufu ya chumba cha mgonjwa. Sindano alishona na kunyamaza, akashona tena na kunyamaza. Mpaka siku ile, mteja akiwa tayari anafungua pochi, Sindano alipochukua mkasi mkubwa akalipasua godoro kutoka kichwani hadi miguuni, uchafu ukamwagika kwenye viatu vya mteja. Kelele alizompigia Baba Mdogo zilisikika mtaa mzima, na baadhi ya maneno hayafai kuambiwa mtu aliyekulea. Tangu hapo karakana ilipoa, na yeye akawa anafua nguo za watu, vidole vimepasuka kwa sabuni.

Alikuwa amejipekua. Huzuni alikuwa nayo; alipopita karibu na karakana na kuona mlango umefunguliwa nusu, bila mteja hata mmoja, machozi yalimlenga. Haya alikuwa nayo. Akiikumbuka sauti yake, uso ulimwaka hata akiwa peke yake na beseni. Huruma kwa mzee alikuwa nayo tele. Lakini kila alipoyatafuta majuto ya ule mkasi, hakuyaona. Na mtu hawezi kutoa asichonacho, hata akiombwa na shangazi yake.

Alikamua shati, akalianika, akajifuta mikono.

"Twende," alisema.

Baba Mdogo alikuwa chini, amekunja miguu, uzi umelazwa gotini. Hakusimama.

"Shikamoo, Ba'mdogo."

"Marahaba."

Kigoda chake kilikuwa palepale karibu na dirisha. Kilikuwa kimefutwa vumbi. Sindano aliliona hilo haraka.

"Nimekuja kukuomba samahani," alisema. "Nilikupigia kelele mbele za watu, na wewe ni baba yangu. Lile lilikuwa kosa. Na nasikitika karakana imepoa."

Baba Mdogo aliweka uzi pembeni.

"Sijakuuliza kama unasikitika. Hata nguo zikinyeshewa kambani watu husikitika, na mvua hawakuileta wao. Nakuuliza hivi: leo hii urudishwe siku ile, mteja amesimama pale, mkasi uko pale. Utaushika?"

Shangazi alimfinya mgongoni. Sindano alikitazama kigoda. Alijua hasa ubao wake unavyoyumba ukikaa upande wa kushoto.

"Nitaushika," alisema. "Ila kwa sauti ndogo."

"Jamani!" Shangazi alishika kichwa. "Huyu mtoto amelishwa nini?"

"Lakini majuto ninayo, Ba'mdogo. Ni hayo unayoyataka ndiyo sina." Aliinua macho kutoka kwenye kigoda. "Godoro la Mama Pacha. Lile la kwanza kabisa la pamba kuukuu. Alikuja hapa na tumbo kubwa, hata kuinama hawezi. Nilinusa, nikajua, nikashona. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikamwambia, 'Lala salama, mama.' Siku hiyo ndiyo ninayotaka kurudishwa. Nimeirudia kichwani mpaka imechakaa, na kila nikirudi, naiweka sindano chini."

Baba Mdogo alichukua uzi, akautazama kama ana shaka nao.

"Mama Pacha hajawahi kulalamika."

"Atalalamikaje? Anatuamini."

"Basi kigoda kitakaliwa na mtu mwingine," alisema, lakini hakusema kama mtu aliyeshinda.

"Sawa. Niazime ile sindano ndefu ya kushonea mdomo. Leo tu."

"Sindano ni ya karakana."

"Haya, Ba'mdogo. Kazi njema."

Nje, Shangazi alimfuata akilalamika mpaka pumzi zikamwishia. Sindano alikuwa anatembea kama mtu anayewahi chakula. Chumbani kwake aling'oa shuka, akalikunja godoro lake mwenyewe, akalifunga kwa kamba. Lilikuwa zawadi. Alipohitimu kazi, Baba Mdogo alimshonea kwa pamba nyeupe aliyoichambua kwa mkono, akamwambia fundi wa magodoro asiyelala vizuri ni aibu ya ukoo. Kitandani zikabaki mbao tupu.

"Utalala juu ya nini?" Shangazi aliuliza.

"Juu ya mbao. Mbao hazina kunguni."

Alijitwika godoro kichwani. Njiani watu hawakumwacha hivihivi.

"Sindano, mwenye nyumba amekutimua?"

"Nahamia peponi, nipishe!"

Mama Pacha alikuwa uani, mtoto mmoja mgongoni, mwingine sakafuni anatafuna kifuniko cha sufuria. Sindano alitua mzigo. Alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakampotea.

"Godoro ulilonunua kwetu nililishona mimi," alisema. "Ndani lina pamba ya magodoro yaliyotupwa. Nilijua. Nilijua siku ileile."

Mama Pacha hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alimgeuza mtoto wa mgongoni taratibu, akamfunua shingo. Vipele vilikuwa vimejipanga kutoka sikioni hadi begani.

"Nimefua mashuka mpaka yametoboka," alisema. "Mama mkwe ananiambia mimi ni mchafu. Nimeamini. Usiku nalia naamini."

Sindano alitaka kusema pole. Aliliona neno hilo lilivyo dogo, akalimeza.

"Sasa unataka nikwambie si kitu?" Mama Pacha aliuliza, na sasa alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Hapana. Ni kitu. Nataka unishikie upande mmoja tulitoe nje."

Mama Pacha alimtazama kwa muda, pua zimemtuna. Kisha akamkalisha mtoto sakafuni, karibu na mwenzake.

Walilitoa. Sindano alifumua mshono wake mwenyewe, akachimba mikono ndani mpaka kwapani, akatoa mabonge ya kahawia na kuyatia kwenye gunia la kwenda kuchomwa. Alikifua kitambaa, akakianika juani. Kilipokauka, alilifungua godoro lake. Pamba nyeupe ilifumuka, na watoto wakaacha kifuniko cha sufuria wakaja kuitazama. Alijaza kuanzia kwenye pembe, kama alivyofundishwa, akipiga kwa kiganja, akinusa kila bonge. Baada ya muda Mama Pacha naye akaanza kunusa.

Kazi ilikwama kwenye mdomo. Sindano ya kushonea nguo ilipinda kwenye kitambaa kile kigumu. Ya pili ikavunjika. Alikuwa anajaribu ya tatu, kidole kinatoka damu, Shangazi alipoingia uani akihema.

Alitoa kitu kilichoviringishwa kwenye kipande cha kitambaa chenye maua. Ilikuwa ile sindano ndefu.

"Amesema nini?" Sindano aliuliza.

"Amesema mdomo usiuvute sana, utakunjamana." Shangazi alijipepea kwa mkono. "Na sindano irudi leo, jua halijazama."

"Niirudishe mimi, au wewe?"

"Hakusema. Na mimi sikumuuliza, nilikuwa namwogopa. Alikuwa ameshusha magodoro yote ya kuuza yaliyopangwa dirishani, ameyalaza chini, mkasi uko mkononi."

"Anayapasua?"

"Hapana." Shangazi alimtazama mtoto mwenye vipele. "Amepiga magoti tu. Anayanusa, moja baada ya jingine."

Sindano alilamba uzi, akautunga, akaanza kushona mdomo. Hakuuvuta sana.