Komeo la Zizi

Elektrodi ya kuchomelea iliganda kwenye chuma kwa mara nyingine, na fundi akaing'oa kwa hasira. Kila alipoanza kuchomelea, jenereta ilichelewa kuongeza kasi na moto ukafa.

"Umewasha tena ile swichi ya kubana mafuta," alimwambia kaka yake.

"Petroli imepanda, dada."

Kaka alikuwa mkono wa birika hata kwa mali ya baba yao. Fundi akaizima swichi, jenereta ikanguruma sawasawa, akarudi kwenye lango la zizi. Wiki iliyopita fahali alitoka hapo akamvunja mzee nyonga. Tangu siku ile mzee hakuacha kuwaomba wanawe radhi kitandani. "Nilisahau kufunga komeo, wanangu." Kaka naye alishaamua: mzee hana kumbukumbu tena, ahamie kwake, shamba liuzwe.

Fundi akaondoa magogo ambayo kaka aliyatumia kuziba lango, ili afike kwenye bawaba. Bawaba ilikuwa imebanduka kama gamba la kidonda, na chuma chini yake hakikuwa kimeyeyuka hata kidogo. Upande wa pili komeo lilikuwa limepinda, lakini bado limo ndani ya tundu lake, limefungwa.

"Bawaba hii aliichomelea nani?"

"Mimi. Mwezi uliopita."

"Swichi hiyohiyo ikiwa imewashwa?"

Kaka akakuna kichwa.

"Komeo uliliona?"

"Niliona. Lakini baba alishasema mwenyewe kasahau. Ningembishia mgonjwa?"

Wakati ule fundi alimchukia kaka yake bila kubakiza, na hakuona haya kumchukia. Alichukua msumeno wa umeme, akakata kipande chote cha lango, komeo likiwa ndani ya tundu lake, akakimwagia maji kipoe, akaingia nacho chumbani kwa mzee. Kaka alimfuata akinung'unika kwamba mambo ya nyumbani hayakuzwi hivyo.

Mzee alikipapasa chuma kile. Alijaribu kulivuta komeo kwa vidole vyake viwili, likagoma.

"Kumbe nilifunga," akasema.

Kisha akamtazama mwanawe wa kiume.

"Kila asubuhi ulikuwa unaniletea chai hapa. Unanisikia nalia, nasema akili zangu zimeniacha. Na wewe unanipa pole."

Kaka alifungua mdomo.

"Nyamaza," mzee akamwambia. "Nilikuwa naanza kujiogopa."