Sahani Zinazorudi Tupu

Mimi si mtu wa kunyamaza, mtaa mzima unajua. Kwa hiyo mzoa mabaki aliponiambia pale getini, "Mama, hii ndoo yako ina jambo," nilimrukia kabla hajamaliza. "Jambo gani? Nimetia maganda na majani ya chai tu, kama mlivyosema!"

Wana utaratibu wao hao. Hawachukui ndoo hivi hivi. Huimwaga kwanza kwenye sinia pana wakaipekua, isije plastiki ikaingia kwenye mbolea. Akaigeuza ndoo yangu, vya chini vikaja juu. Viazi vya kuponda. Mayai. Nyama niliyoikatakata mwenyewe vipande vidogo kama ya mtoto, haijaguswa na jino.

"Chakula kizima hiki, mama," akasema kwa upole. "Na si leo tu, wiki nzima sasa. Nikadhani labda mna sherehe."

Sherehe! Ningemzaba kofi, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile nyama. Mume wangu ana uvimbe tumboni. Daktari alisema apate mwili kwanza ndipo wampasue. Akizidi kukonda, hawatamgusa. Tangu siku hiyo napika kama mwendawazimu. Sahani zilikuwa zinarudi tupu, nami nikawa nawatambia majirani: baba watoto anakula huyo, acheni tu! Shati likizidi kumpwaya, nalilaumu shati.

Nikaingia chumbani na hasira zangu zote. "Mzee, unanichezea? Mficha maradhi kifo humuumbua, hujui?"

Hakushtuka. Akavuta shuka kifuani. "Hakishuki, mke wangu. Hata uji umegoma. Ukitoka kuteka maji, najikokota mpaka jikoni, nakifukia chini ya maganda."

"Kwa nini hukuniambia? Tungerudi kwa daktari!"

"Ulikuwa unaimba ukiosha ile sahani. Miaka mingapi sijakusikia ukiimba? Nikakosa mdomo wa kukuambia."

Maskini mimi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia kama niliyefiwa, naye yupo hapo hapo, ananipapasa mgongo. Mkono wenyewe mifupa mitupu. Nilijua, na yeye alijua, kwamba daktari hatamgusa tena.

Kesho yake mchana nikampelekea chakula, mazoea tu. Akaisukuma sahani upande wangu.

"Wewe ndiye hujala tangu jana. Kula, nikuone."

"Sina hamu."

"Basi nilie wewe hilo fungu langu. Usikimwage."

Nikala. Machozi yanadondoka kwenye mchuzi, nameza hivyo hivyo. Alinifuata kwa macho tonge kwa tonge, na kila nilipomeza, koo lake nalo lilicheza. Nikamaliza yote. Akaniuliza kama kilikuwa kitamu.

Nikamwambia kitamu sana.